Cosmos mpya ipewe haki yake

Mhariri, nimeona watu wengi wanaiponda Cosmos ya 2014, ule mfululizo wa TV kuhusu sayansi ya ulimwengu, eti imemsaliti mwanaastronomia Carl Sagan na ile yake ya 1980, mimi sikubali kabisa. Sagan alikuwa na utulivu wake halafu ule muziki wa mtunzi Vangelis, hapo sibishi. Lakini Neil deGrasse Tyson, mtangazaji wa hii mpya, naye anaelezea vizuri sana, na ile kalenda inayobana miaka bilioni 13.8 ya ulimwengu ndani ya mwaka mmoja bado inanisisimua, yaani binadamu anatokea saa za mwisho za Desemba 31! Kilichoniudhi ni katuni tu ya Giordano Bruno, yule mtawa wa zamani aliyechomwa moto kwa imani zake, ndefu mno kwa mtu ambaye hata mwanasayansi hakuwa. Na Ann Druyan, mjane wa Sagan, ameshiriki kuziandika zote mbili jamani, sasa huo usaliti uko wapi?