Nyangumi ni mali akiwa hai

Mhariri,

Wanaodai kwamba kulinda nyangumi ni anasa ya mataifa tajiri waitazame Tonga, ufalme mdogo wa visiwa katika Bahari ya Pasifiki. Huko watu walimwinda nyangumi wa nundu kwa vyusa vya kurusha kwa mkono na kula nyama yake, hadi Mfalme Taufa'ahau Tupou IV alipopiga marufuku mwaka 1978. Hakusubiri watalii, hao walikuja baadaye. Leo, Julai hadi Oktoba, wageni hulipa ili waogelee karibu na nyangumi kule Vava'u, wasiozidi wanne kwa mpigo, pamoja na kiongozi wao.

Masharti ya namna hiyo ndiyo ningependa kuyaona yakisimamiwa kikamilifu hapa Watamu. Nyangumi wa aina hiyohiyo hupita kwetu msimu huohuo, wakitoka Antaktika kuja kuzaa kwenye maji ya uvuguvugu. Mama akizingirwa na boti tatu, injini zinanguruma, atamnyonyesha ndama saa ngapi? Nahodha anayewania bakshishi hatajiuliza hilo. Wahusika waanze na umbali wa boti, sasa hivi, kabla biashara haijanoga.

Msomaji,
Watamu, Kilifi