Watoto waelezwe kwa nini Pluto iliondolewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wenzangu wa sayansi, maana mimi nimestaafu lakini kazi hii bado naipenda.

Mjukuu wangu, hapa Ujiji, ameandika kwenye jaribio kwamba sayari ni nane. Amepigwa X ya wino mwekundu, kwa sababu chati ya darasani ina tisa, Pluto ikiwa ya tisa. Jibu lake ni sahihi. Ila nilipomuuliza kwa nini nane, akasema, "Bibi, ndivyo kitabu kinavyosema." Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Agosti 24, 2006, Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipiga kura mjini Prague. Sayari lazima ilizunguke Jua, tena iwe nzito kiasi kwamba mvutano wake wenyewe umeifanya tufe. Pluto hapo imepita. Sharti la tatu ndilo lililoiangusha: sayari iwe imesafisha njia yake, yaani vitu vya jirani iwe imevimeza, imevifukuza au inavitawala. Pluto inapita katika ukanda wa Kuiper, eneo lililo mbali kupita sayari ya Neptune, penye vipande vya barafu tele, na haivitawali. Mwaka 2005 huko mbali ilikuwa imegunduliwa Eris, yenye uzito kuizidi. Kama Pluto ni sayari, Eris ingeachwaje? Zote mbili zikaitwa sayari kibete.

Wala Pluto si ya kwanza. Ceres, iliyo kati ya Mirihi na Mshtarii, aliyoigundua mwanaastronomia Giuseppe Piazzi huko Palermo, Italia, Januari 1, 1801, ilihesabiwa sayari kwa miaka mingi, hadi majirani zake walipozidi kuonekana ikaondolewa.

Wapo wanaopinga, na mtoto awasikie pia. Alan Stern, kiongozi wa safari ya chombo New Horizons kilichoipita Pluto Julai 14, 2015, anasema hata Mshtarii ina mawe mengi kwenye njia yake. Mimi nasimama na waliopiga kura, kwa kuwa mawe hayo yanashikiliwa na mvutano wa Mshtarii na wa Jua. Pluto haina ubavu huo.

Najua chati mpya ni gharama. Basi pembeni ya Pluto iandikwe kwa kalamu "sayari kibete, 2006". Na kwenye mtihani tuulize hivi: Ganymede, mwezi wa Mshtarii, ni mkubwa kuliko Zebaki, mbona si sayari?

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma