Mheshimiwa Waziri, mrudishieni jaji mizani yake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Dodoma.

Mheshimiwa, Bwana Yesu asifiwe.

Kaka yangu aliuawa kwa panga katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Natanguliza hilo usije ukadhani anayekuandikia hajui uchungu wa kufiwa namna hiyo.

Siku ya hukumu nilikaa mahakamani na mama. Wakili wa mshtakiwa alisimama kumwombea mteja wake nafuu. Jaji akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kosa hili lina adhabu moja tu kisheria. Akaitamka: kunyongwa hadi kufa. Nyuma yetu mama wa yule kijana aliteleza kwenye benchi akaketi sakafuni. Mama yangu, ambaye tangu msiba alikuwa hataki hata kulisikia jina la kijana yule, aligeuka, akavua khanga ya begani, akamfunika mwenzake.

Najua Wakristo wenzangu watanijibu kwa Mwanzo 9:6, damu kwa damu, na kwa Warumi 13, kwamba mtawala hauchukui upanga bure. Ni Neno la Mungu, silipuuzi. Lakini katika kitabu hichohicho cha Mwanzo, sura ya 4, Kaini ameua ndugu yake wa tumbo moja, na hakimu ni Mungu mwenyewe. Anamuuliza ndugu yako yuko wapi. Anamwadhibu. Kaini analia kwamba adhabu imemzidi, na Mungu anamsikiliza, anamtia alama ili yeyote amwonaye asimuue. Hakuachiwa, alibaki mtoro asiye na kikao. Ila kilio chake kilipata sikio lenye uwezo wa kufanya jambo.

Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kimemnyima jaji wetu uwezo huo. Aliyepanga kwa miezi kuua mtu mwenye ualbino ili auze viungo vyake, na mwanamke aliyepigwa miaka kumi hadi usiku mmoja akainua mchi, wakikutwa na hatia ya mauaji wanapewa sentensi ileile. (Mjamzito na aliye chini ya miaka 18 tu ndio sheria imewatenga.) Rehema bila kupima haiwezekani, na haki nayo vivyo hivyo.

Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alisema mwaka 1994, palepale Dodoma, kwamba adhabu hii ya kifo inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa ni ya kikatili, lakini ikaiacha isimame. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha kwetu, iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe adhabu hiyo kunakiuka haki ya kuishi, ikatuagiza tuondoe ulazima huo ndani ya mwaka mmoja. Tangu 1994 hatujamnyonga mtu, na hayati Rais Magufuli alisema wazi mwaka 2017 kwamba hatatia saini. Basi kwa nini tunaendelea kuwatamkia watu kifo na kuwaacha wakisikiliza kila asubuhi funguo zinalia mlango gani?

Ninaloomba ni muswada bungeni utakaoondoa ulazima huo, na waliokwisha kuhukumiwa warudishwe mbele ya jaji wapimwe upya, hata huyu wetu.

Mama hajasema amemsamehe, nami simlazimishi. Ila katika sala ya jioni, akishamtaja kaka, humtaja yule mama kwa jina.

Wako katika Kristo,
Mzee wa usharika, Makete