Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mkono wa Mrushaji na Hesabu ya Kete

Assalaam alaykum.

Ndugu wanachama, wazee wetu na walimu mliofika kutoka Wete, Micheweni na Mkoani,

Katiba yetu inanitaka nisimame mbele yenu mara moja kwa mwaka nieleze chama chetu cha besiboli kimefanya nini. Masuala ya fedha namwachia Mhazini, atakayesoma hesabu baada yangu. Kuhusu vifaa nitasema tu kwamba glavu bado ni chache, mipira inashonwa na kushonwa tena, na uwanja tunaendelea kuazima kwa skuli. Muda wangu mwingi nitautumia kwa jambo moja, kwa kuwa ndilo lililozua manung'uniko, na kwa kuwa naamini walionung'unika hawakupewa maelezo ya kutosha: uamuzi wa Kamati wa kumtoa mrushaji wetu, yaani mchezaji anayemrushia mpigaji mpira, katika mchezo dhidi ya wageni wa Unguja.

Waliokuwepo wanakumbuka. Ilikuwa awamu ya mwisho, tunaongoza kwa pointi moja, na wapigaji wawili wa wageni wameshatolewa. Mrushaji wetu ni mtoto wa miaka 14. Katibu alikuwa amekaa kivulini na mifuko miwili miguuni, na kila mpira ulipotoka mkononi mwa mtoto yule, kete moja ilihama kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Kete 64 za bao letu hazikutosha, kwa hivyo tuliazima 31 za bao la barazani ili zitimie 95. Kete ya mwisho ilipohama, Katibu alinyanyua mkono, na mwalimu akaingia kumtoa mtoto. Aliyepokea nafasi yake alirusha ovyo, akawapa wapigaji wawili kituo cha bure, wa tatu akaupeleka mpira hadi kwenye minazi, tukashindwa. Siku ya pili wageni walikuwa bado wapo, na mtoto yule hatukumruhusu tena kurusha. Hapo ndipo baadhi ya wazee walipoondoka wakisema kwamba Kamati hii inacheza bao, haichezi besiboli. Maneno hayo yalinichekesha na kuniuma kwa pamoja.

Hesabu ya 95 hatukuibuni sisi. Mwaka 2014 Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani na shirikisho la mchezo huo nchini humo walitoa mwongozo uitwao Pitch Smart, uliotayarishwa kwa ushauri wa madaktari. Unaelekeza kwamba mtoto wa miaka 9 au 10 asivuke mipira 75 kwa siku, wa miaka 11 au 12 asivuke 85, na wa 13 hadi 16 asivuke 95. Mtoto wa miaka 14 au chini yake akirusha mipira 66 au zaidi, anatakiwa apumzike siku 4 kabla ya kurusha tena mchezoni. Ndiyo maana Jumapili ile alikaa benchi, ingawa mwenyewe alilia na baba yake alinijia juu.

Sababu ipo ndani ya kiwiko. Upande wa ndani wa kiwiko kuna kano inayoishika mifupa ya juu na ya chini isiachane, nayo hubeba mzigo mkubwa kila mkono unaporudi nyuma na kuchomoka mbele. Kwa mtoto anayekua, gegedu linalorefusha mfupa halijakomaa, na mara nyingi ndilo linaloumia kwanza. Mwaka 1974 mrushaji wa Los Angeles Dodgers, Tommy John, alikatika kano hiyo. Dakta Frank Jobe alichukua ukano kutoka mkono wake mwengine akauunga pale palipokatika. John alikosa msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, akacheza hadi 1989, na upasuaji huo ukabaki na jina lake hadi leo. Wapo vijana wanaoamini kwamba upasuaji huu ni njia ya kuongeza nguvu. Si kweli, ni ukarabati, unahitaji mwaka au zaidi wa kupona, na sisi huku hata kumsafirisha mtoto kwa matibabu ya namna hiyo hatuna uwezo.

Japani, ambako mashindano ya skuli za sekondari ya Koshien yanapendwa kupita kiasi, mwaka 2013 kijana wa miaka 16, Tomohiro Anraku, alirusha mipira 772 katika michezo mitano ya mashindano ya majira ya machipuko. Mjadala ulikuwa mkubwa, na kuanzia 2020 shirikisho la skuli likaweka kikomo cha mipira 500 kwa wiki. Kwangu mimi hata hiyo 500 ni mingi.

Sasa nije kwenye lawama ya pili, kwamba tunachagua watoto wasio na kasi na kuwaacha wenye nguvu. Vilabu 30 vya ligi kuu ya Marekani vina wasaka vipaji wanaozunguka skuli na vyuo wakiwa na vifaa vya rada vya kupimia mwendo wa mpira, na ni kweli kasi inatazamwa sana, kwa kuwa wastani wa mpira wa kasi katika ligi ile sasa umepita kilomita 150 kwa saa. Lakini msaka vipaji makini humpa kijana alama kati ya 20 na 80, ambapo 50 ni wastani wa ligi kuu, na kwa kila sifa huandika alama mbili: ya leo, na ile anayotarajia kijana ataifikia akikomaa. Hutazama mabega na urefu wa mikono, kama mwili utaongeza nguvu, kama mwendo wa kurusha unarudiwa bila kubadilika, na kama kijana ana namna ya pili ya kurusha, ya kumdanganya mpigaji. Disemba 2024 ligi yenyewe ilitoa ripoti kuhusu majeraha ya warushaji, na kukimbilia kasi kulitajwa miongoni mwa sababu kuu.

Hata wao hukosea. Dodgers walimwachia mrushaji wao Pedro Martínez aende klabu nyengine mwaka 1993, wakihofia kwamba umbo lake dogo halitahimili kazi ya kurusha tangu mwanzo wa mchezo. Baadaye alitwaa mara tatu tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka, na mwaka 2015 aliingia katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli. Nawaomba wazee wanaotuletea watoto warefu tu wamkumbuke huyo.

Hapa kwetu rada hatuna. Mrushaji tuliyemzungumza nilimwona mara ya kwanza akitungua maembe. Jiwe la kwanza lilipita karibu na kikonyo, la pili likapita njia ile ile, la tatu likaliangusha embe. Nilipokwenda aliposimama, vumbini palikuwa na alama moja tu ya mguu wa mbele, imechimbika kwa kukanyagwa mara tatu pale pale. Alama ile ndiyo iliyonifanya nimtafute mzazi wake.

Kumpata, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya kazi. Mwaka 2008 Rinku Singh na Dinesh Patel, vijana wa India waliokuwa warusha mkuki, walipatikana kwa mashindano ya kutafuta mikono yenye nguvu, wakasajiliwa na klabu ya Pittsburgh Pirates ya ligi ile. Hakuna aliyefika ligi kuu, kwa kuwa mchezo wenyewe walianza kujifunza ukubwani. Vilabu vyote 30 vina vyuo vyao katika Jamhuri ya Dominika, ambako kijana husajiliwa kuanzia miaka 16, hulala na kula hapo, husoma, na hufundishwa taratibu. Baadaye hupandishwa daraja kwa daraja katika ligi ndogo, na wengi huishia njiani.

Mwongozo niliotaja unataka pia angalau miezi 4 kwa mwaka bila kurusha mchezoni, na katika hiyo miezi 2 hadi 3 mfululizo bila kurusha kabisa. Masika yetu yanafaa kwa hilo, kwani uwanja huwa bwawa. Msimu wa karafuu, ambao baadhi yenu mlipendekeza uhesabiwe kuwa mapumziko, Kamati imeukataa. Mtoto anayeshinda juu ya mkarafuu akivuta matawi hajapumzisha bega.

Kwa hiyo tunaomba mkutano upitishe mambo mawili. Kwanza, kikomo cha mipira na siku za mapumziko viingizwe katika kanuni zetu, ili visitegemee huruma ya mwalimu wala hasira ya mzazi. Pili, kila skuli iteue mtu wa kuhesabu asiyekuwa mwalimu wa timu.

Mrushaji wetu amemaliza mapumziko ya masika na ameanza kurusha polepole, mipira 20 kwa siku, siku tatu kwa wiki. Na wenye bao la barazani wanadai kete yao moja. Tumerejesha 30, na aliyeiokota ile ya 31 tunamwomba ampelekee Katibu kabla ya kikao kufungwa.