Damu ya Shabani

Ujiji, Kigoma

Rehema shoga yangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Asali uliyompa Mama Tatu imefika, nitaishukuru siku nyingine kwa nafasi yake. Mbalamwezi imeingia, dagaa wamepanda bei, basi, habari za Ujiji zimeisha.

Nakuandikia kwa ajili ya Masudi. Najua ameshashuka kwenye treni hapo Tabora na amewaambia kwamba Shabani si wake, eti hospitali imethibitisha. Hospitali haijathibitisha kitu cha namna hiyo. Nilikuwepo. Nisome mpaka mwisho, halafu ukae naye kabla hajafika kwa mjomba kutaka talaka iandikwe.

Shabani alishikwa na malaria kali. Vijidudu vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu, vikazaliana humo mpaka zinapasuka. Kwa kawaida chembe nyekundu huishi kama siku 120, na mwili hutengeneza nyingine taratibu. Malaria ikizipasua kwa mkupuo, mwili haufui dafu. Na ndizo zinazobeba oksijeni, Rehema. Mtoto viganja vilikuwa vyeupe, anahema mbavu zinaonekana. Daktari akasema aongezewe damu usiku uleule.

Wakawapima wazazi. Nilisimama mlangoni mwa maabara nikaona kwa macho yangu: kigae cheupe, matone ya damu, dawa ya bluu ya kupimia A na ya njano ya kupimia B. Tone la Masudi likashikana vipunjepunje kwenye bluu, kwenye njano likabaki laini. La Zuhura likafanya kinyume chake. La Shabani halikushikana popote. Masudi A, Zuhura B, mtoto O. Muuguzi mmoja, kwa haraka zake, akasema mbele ya watu, "Baba, damu yako na ya mtoto haziendani." Hapo ndipo moto ulipowaka.

Alichokuwa anasema ni habari ya kuongezewa tu. A na B ni alama zinazokaa juu ya chembe nyekundu. Mtu wa O hana hata moja, na kwenye plazma yake, yale majimaji ya rangi ya njano ambayo ni zaidi kidogo ya nusu ya damu yote, zimo kingamwili zinazozipiga vita zote mbili. Angepewa damu ya baba yake, kingamwili zake zingezivunja zile chembe, figo zingeumia, tungeweza kumpoteza. Tangu Karl Landsteiner alipoyaeleza makundi haya kule Vienna mwaka 1901, ndiyo maana watu hupimwa kwanza. Sasa niambie: Zuhura naye damu yake ilikataliwa. Mbona hakuna aliyesema Shabani si mwanawe? Alizaliwa hapo hapo kwenu, wewe ndiye uliyemshika leba!

Chupa ya O ilipatikana benki ya damu, imeshapimwa UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Asubuhi mtoto anadai migebuka.

Nirudi kwa Masudi. Anauliza A na B watazaaje O. Wanazaa, tena bila muujiza wowote. Kila mtu ana vipande viwili, kama doti ya kanga, na kila mzazi humkatia mtoto kipande kimoja. A na B huonekana. O ikikaa pamoja na mojawapo hufichika. Mwenye A na O hupimwa A tu, na mwenye B na O hupimwa B tu. Wote wawili wakitoa ile O iliyojificha, mtoto ni O. Jambo hili limejulikana tangu Felix Bernstein alipolipigia hesabu mwaka 1924, na mimi nalifundisha darasani kila mwaka.

Kwa Zuhura hakuna ubishi. Baba yake alitoa damu kufidia ile iliyotumika, akapimwa, ni O. Mtu wa O ana O mbili, hana kingine cha kumpa mwanawe. Kwa hiyo Zuhura anayo. Amebaki Masudi, na hapa ndipo nakuhitaji. Mama yenu alipopasuliwa ule uvimbe, lazima walimpima kundi. Kama ni O, basi Masudi anayo O, atake asitake. Akiwa kundi jingine Masudi bado anaweza kuwa nayo, ila hatutakuwa na neno la mkato.

Sikudanganyi: makundi ya damu yanaweza kumtoa mtu kwenye ubaba, hayawezi kumthibitisha. Akitaka uhakika kamili, ni kipimo cha vinasaba, maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini kumwacha mke kwa sababu ya A, B na O ni dhuluma, na nitaisema hivyo hata mbele ya mjomba. Halafu yale masikio ya Shabani, Rehema! Ukoo wenu wote uko pale.

Na kuna jingine linaloninyima usingizi. Zuhura ana mimba ya miezi mitano, na kundi lake ni B hasi, yaani chembe zake hazina alama nyingine iitwayo D; mwenye nayo huitwa chanya. Shabani ni O chanya. Hiyo chanya mama hana, imetoka kwa baba, na Masudi ni chanya. Mama hasi akizaa mtoto chanya, damu ya mtoto ikimwingia anaweza kutengeneza kingamwili, na zile humshambulia mtoto anayefuata akiwa tumboni. Kuna sindano ya anti-D ya kuzuia hayo, hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Zuhura hakumbuki kama alichomwa. Kadi yake ya kliniki ameiacha huko Tabora.

Je, kadi hiyo iko kwenye sanduku la Masudi au kwa mama? Imeandikwa sindano yoyote baada ya kuzaa? Karatasi za hospitali za mama unazo wewe au dada Halima? Masudi anakula, au amejifungia tu? Mjomba ameshaambiwa? Na wewe mwenyewe, hukumwamini Masudi, sivyo?

Piga picha kadi ya Zuhura na karatasi za mama unitumie kwa simu. Kliniki yake ni Jumanne, nataka nimpeleke nikiwa na kitu mkononi.

Wako,
Mwajuma