Mshale wa kipanya si sababu ya kufuta kompyuta

Mhariri,

Hapa Arua kuna mafundi wanaomwambia mteja afute Linux yote (mfumo unaoendesha kompyuta) eti mshale wa kipanya unabadilika umbo akiingia kwenye kivinjari. Huo ni wizi! Mara nyingi programu moja inafuata mandhari (mtindo wa mwonekano) ya GNOME, yaani mazingira ya dawati ya Linux, nyingine inasoma faili la index.theme ndani ya folda ~/.icons/default (alama ~ ni folda yako ya nyumbani). Lifungue, chini ya [Icon Theme] andika Inherits= na jina la folda ya mandhari, mfano Adwaita, kisha toka na uingie upya. Ukubwa wa mshale unapangwa kwa kigezo cha mazingira kiitwacho XCURSOR_SIZE, kwa pikseli. Wengi hutumia 24. Mzee mmoja anayechapia barua kwangu anataka 48, na simlaumu. Wanaotumia Debian, aina mojawapo ya Linux, wajaribu pia amri ya update-alternatives --config x-cursor-theme.

Mchapaji, Arua