Mwache Zawadi akosee

Nairobi,
Jumapili jioni

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi kutoka huku Buruburu. Natumai nyote hapo nyumbani hamjambo, na kwamba mama ameshapata nafuu ya kile kikohozi.

Muswada wa riwaya yako nimeumaliza. Sura ya tatu na ya saba nimezirudia, na nimeona nikuandikie barua, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Kiswahili chako kitamu. Pale Marikiti alfajiri, mikokoteni ikipishana na magunia ya kabeji yakishushwa gizani, nilikuona kabisa ukiwa umesimama hapo na daftari lako.

Lakini Zawadi, mhusika wako mkuu, hajanigusa. Ni mrembo, ana akili kuliko walimu wake, anaimba, anajua lugha tano, na kila anayemkosea huishia kumwomba msamaha. Kutoka mwanzo hadi karibu na mwisho sikumhofia hata mara moja.

Chukua pale steji. Ni jioni, mvua inanyesha, nauli ya Kayole imepandishwa maradufu. Zawadi anasimama mlangoni mwa matatu, anamhutubia makanga kuhusu haki za abiria, makanga anainamisha kichwa, nauli inashuka na watu wanapiga makofi. Salma, hizo gari tunazipanda mimi na wewe. Makanga angemwambia, "Kama huna, shuka," na gari ingeondoka. Au mama fulani kiti cha nyuma, mtoto mgongoni, miguu imelowa, angemwambia anyamaze watu wafike nyumbani. Na huyo mama angekuwa na haki yake pia. Sasa mpe Zawadi shilingi 70 mkononi na nauli ni 100, giza linaingia. Atamwomba nani? Atamdanganya nani? Hapo ningeshika kitabu kwa mikono miwili. Ulivyoandika, jibu limefika kabla sijauliza swali.

Kinachoniuma zaidi ni wenzake. Shangazi yupo ili amsifu. Mwalimu yupo ili ashangae. Yule rafiki yake wa shule, ambaye angestahili sura nzima yake mwenyewe, kazi yake ni kumwonea wivu halafu atubu. Shuleni tulifundishwa habari za wahusika bapa, wenye sura moja tu, na wahusika duara, wenye pande nyingi kama watu halisi, kana kwamba kila mmoja anasimama peke yake. Sivyo. Mhusika mkuu akikosa dosari, kila anayemkaribia anageuka bapa, kwa sababu hakuna anachoweza kumpa wala kumnyima.

Ugonjwa huu ni wa zamani na umewapata wengi. Mwaka 1973 Mmarekani mmoja, Paula Smith, aliandika kichekesho kifupi katika kijarida cha mashabiki wa Star Trek, kile kipindi cha televisheni cha safari za angani. Alikuwa amechoshwa na hadithi nyingi za mashabiki zenye binti yule yule asiye na kasoro. Wake akamwita Luteni Mary Sue, mwenye umri wa miaka 15 na nusu, luteni mdogo kuliko wote. Nahodha anampenda papo hapo, anaendesha chombo kizima wakubwa wakiwa wagonjwa, anapata Tuzo ya Nobel, kisha anakufa huku wote wakimlilia. Jina hilo limebaki hadi leo kwa wahusika wa aina hiyo. Wengi wao waliandikwa kwa upendo wa kweli, kama wewe unavyompenda Zawadi.

Sisi hata hatuhitaji kwenda mbali. Mtazame Fumo Liyongo. Nguvu zake zinasimuliwa pwani yote, mshairi ni yeye, mpiga mishale ni yeye, na bado ana kitovu. Sindano ya shaba ikichomwa hapo, basi. Na siri hiyo anaitoa yeye mwenyewe, kwa mwanawe, akiwa ameshahisi kwamba mtoto ametumwa. Nikifika hapo kwenye utenzi huwa naweka kitabu chini. Baba anajua, na anamwambia. Lwanda Magere naye, shujaa wa Waluo, mwili wa jiwe, uhai wake ukawa kwenye kivuli, na aliyekigundua ni mke aliyekuwa akimuuguza. Waliosimulia hadithi hizi waliwapenda mashujaa wao kupita kiasi, na hawakuuficha udhaifu wao.

Najua utanijibu nini, kwa sababu ulishaniambia pale kwenye chai: wasichana wa Eastlands, mitaa yetu hii ya mashariki ya Nairobi, wameandikwa kama watu wa kuhurumiwa kwa muda mrefu, na wewe unataka mmoja anayeshinda. Nakubaliana nawe kabisa. Msichana wa Kayole atakayekifungua kitabu hiki anastahili kumwona mtu wa kwao akisimama wima. Lakini yeye ana madeni, ana hasira, kuna siku amemjibu mamake vibaya akakosa usingizi. Akimkuta Zawadi ambaye hajawahi kuteleza, atajua hicho kitabu hakimhusu.

Na Zawadi wa kweli unaye tayari. Yuko sura ya saba. Anainua godoro, anatoa bahasha ya kodi ya nyumba, anachukua noti mbili za kulipia fomu ya chuo. Kisha anakunja kipande cha gazeti, anakiingiza humo, anaibonyeza bahasha kwa kidole kuhakikisha unene ni ule ule. Kidole hicho, Salma! Nilishtuka nikiwa nimekaa. Ana mapenzi, ana ujanja, ana woga, na hukuandika neno lolote kati ya hayo.

Halafu ukurasa unaofuata unamleta jirani mwenye pesa, na yote yanafutika. Ulimwonea huruma, nimeelewa. Mtoe huyo jirani. Mwenye nyumba abishe hodi Jumatatu, mama aende mwenyewe chini ya godoro, na Zawadi awe chumbani hapo hapo akisikia. Sijui mama atasema nini, na nina hamu kubwa ya kujua.

Hotuba ya steji unaweza kuiacha kwa sasa, tutaishughulikia baadaye. Anza na bahasha. Ijumaa nikitoka kazini nitapitia kwako, na kama ukurasa huo utakuwa tayari, utanisomea wewe mwenyewe. Msalimie mama.

Akupendaye,
Rafiki yako wa Buruburu